Kituo cha Kazi za Nyumbani

Hilaria alikuwa fundi cherehani katika mtaa mmoja wa Mazwi, Sumbawanga mjini, na cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha, apate mwanga. Kuanzia Desemba hadi katikati ya Januari hakuwa na nafasi hata ya kujikuna, kwa maana nusu ya watoto wa mtaa walishonewa sare na yeye. Shule zikishafunguliwa, kazi ilikatika kama maji ya bomba. Wiki ikimletea suruali mbili za kupunguza na zipu moja ya kubadilisha, aliihesabu kuwa wiki njema.

Ilikuwa katika wiki ya namna hiyo, mvua inanyesha tangu mchana, ndipo Fransiska alipobisha hodi. Fransiska alikaa nyumba ya pili na aliuza dagaa wa Kirando sokoni. Nyuma yake walisimama wanawe wawili, Calvin na mdogo wake Mary, wamejifunika mfuko mmoja wa nailoni vichwani.

"Mama Monika, nisitiri ndugu yangu," alisema. "Hawa wakitoka shule hawakai nyumbani. Juzi huyu Calvin nimemkuta stendi anahesabu mabasi. Wakae na Monika wako mpaka nirudi kutoka sokoni."

"Waingie. Ila viatu mlangoni, nimedeki sasa hivi."

Monika, binti wa pekee wa Hilaria, alikuwa darasa la tano, darasa moja na Calvin. Aliposikia wenzake wameingia alifunga daftari lake, akakimbilia kamba ya kuruka. Hilaria alimrudisha.

"Kazi ya Mwalimu kwanza. Na wewe Calvin, toa daftari lako."

Calvin alilitoa polepole, kama mtu anayetoa mwiba. Hilaria alifunua ukurasa wa kwanza. Wino mwekundu: *Kazi haijafanyika.* Akafunua wa pili. *Kazi haijafanyika.* Wa tatu: *Mzazi afike shuleni.*

"Mama yako anaziona hizi?"

"Hajawahi kuuliza," Calvin alisema, "na mimi sijawahi kumwambia."

Hilaria nusura acheke. Aliondoa vitambaa kwenye meza yake ya kukatia, akawaketisha watatu hao, akamwambia Calvin asome swali la kwanza kwa sauti. Alipomaliza, akamwambia aeleze kwa maneno yake mwenyewe wanataka afanye nini. Hilo lilimchukua Calvin muda mrefu. Alitazama dari, akaomba kwenda chooni mara mbili, akadai penseli haiandiki. Hilaria hakumpa jibu hata moja. Alishona zipu yake, akirudia kila mara, "Haya, wanataka nini hapo?" Fransiska aliporudi jioni, ananuka dagaa na mvua, alikuta mwanawe amefanya maswali yote sita.

Kesho yake Calvin alirudi mbio, amemwacha Monika mbali, tope hadi magotini, daftari amelificha ndani ya sweta lisilowe. Alikuwa amepata manne kati ya sita, na chini yake Mwalimu ameandika *Vizuri*. Neno hilo alilifunika kwa kiganja, akalifunua, akalifunika tena, kama mtu mwenye kifaranga mkononi. Hilaria alimtazama, akasikia kifuani mwake furaha ambayo pindo na mikono ya mashati haikuwahi kumpa.

Sasa, ukitaka jambo lisambae Sumbawanga, mwambie muuza dagaa. Kabla wiki haijaisha akinamama wa safu nzima ya samaki walikuwa na habari. Walikuja wengine wawili, kisha watatu, na Februari ilipofika katikati watoto walikuwa kumi na mmoja, wanane kati yao, Monika akiwemo, wa darasa la tano. Wazazi walikubaliana mchango mdogo kwa mwezi, na asiyekuwa nao alileta maharage au mkungu wa ndizi, mambo yakaenda.

Adolfu, mume wa Hilaria, alikuwa seremala. Siku moja alirudi kutoka kazini akakosa pa kuweka mguu.

"Mama Monika, hivi hapa ni kwangu au kwa Afisa Elimu?"

"Ni kwako, Baba Monika. Ila pitia mlango wa nyuma."

Alipitia mlango wa nyuma akinung'unika. Kesho yake alikuja na mabenchi mawili aliyoyaunga kwa mabanzi, ameyapiga randa vizuri watoto wasichomwe na vibanzi.

Aliyekuwa mgumu ni mama yake Adolfu, Bibi Gaudiosa. Alikuja kutoka Pito kutibiwa goti, goti likapona, naye akabaki. Siku za mwanzo alilalamika kwa Kifipa kutoka jikoni, kwamba mtoto mwenye njaa haelewi ila kelele za tumbo lake. Alipoona hakuna anayemjibu, alibandika sufuria mwenyewe, akakoroga uji wa ulezi, akasimama mlangoni na mwiko.

"Hapa hafungui mtu daftari kabla hajanionyesha kikombe kitupu."

Kilichobaki ni kibao. Adolfu alichagua ubao mzuri, akaupaka rangi nyeupe, akaandika kwa herufi nyekundu zinazoonekana tangu barabarani: KITUO CHA KAZI ZA NYUMBANI. Hilaria alitoka kukitazama, akaona kimependeza.

Asubuhi iliyofuata, saa mbili kamili, mama mmoja aliyevaa vizuri alishuka kwenye bodaboda.

"Habari za asubuhi. Namtaka mmoja, asiwe mtoto sana. Ajue kupika, kufua, na asiwe mtu wa simu."

"Mmoja nani?" Hilaria aliuliza.

"Dada wa kazi. Si ndiyo kituo chenyewe?"

Hilaria alikuwa bado hajamaliza kumweleza, alipoingia msichana na begi lake mgongoni, anatafuta kazi ya ndani. Wale wawili walitazamana. Wakaulizana majina, wakaulizana kwao, na baada ya dakika kumi waliondoka pamoja kwenye bodaboda ileile, wakimshukuru Hilaria kwa huduma nzuri. Bibi Gaudiosa alicheka hadi akashika lile goti lake. Jioni Adolfu aliufuta ubao, akaandika upya: WATOTO WA SHULE HUSAIDIWA HAPA.

Hata hivyo, ndani ya furaha hiyo yote Hilaria alikuwa na siri. Hesabu hakuzijua. Kiswahili alikiweza, sayansi alijikokota, lakini hesabu zilikuwa zimemshinda tangu utoto. Katika darasa la watoto tisini alikuwa amejifunza jambo moja tu, kukaa nyuma ya msichana mmoja mnene aitwaye Skolastika ili mwalimu asimwone. Hakuwahi kunyoosha kidole kuuliza, si darasa la kwanza, si kidato cha nne. Sasa watoto kumi na mmoja walimwita Mwalimu, naye kila alfajiri, kabla ya kuwasha moto, alifungua kitabu cha Monika na kujifunza kile atakachoulizwa alasiri. Mara nyingi alifaulu.

Siku ya mada ya mpangilio wa matendo hakuona hata haja ya kufungua kitabu. Hiyo aliijua! Nani aliyesoma Tanzania asiyeijua MAGAZIJUTO? Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Aliwaimbisha watoto wakipiga benchi kwa viganja, mpaka Bibi Gaudiosa naye akawa anaiimba jikoni akikoroga uji. Kisha wakafika kwenye swali: ishirini toa nane jumlisha tano.

"Kipi kinaanza," Hilaria aliuliza, "JU au TO?"

"JU!" walijibu kwa pamoja.

"Basi jumlisheni kwanza."

Nane na tano, kumi na tatu. Ishirini toa kumi na tatu, saba. Maswali yote matano yalikuwa ya namna hiyo, na wote wanane wa darasa la tano waliyafanya kwa mwandiko mzuri, wakapiga mistari kwa rula.

Mwalimu wa hesabu wa darasa hilo aliitwa Teodori. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye baiskeli iliyong'arishwa kuliko gari la mkubwa, na watoto walimwogopa kwa sababu hakupaza sauti kamwe. Aliposahihisha madaftari yale alikuta saba, saba, saba, mara nane. Aliwaita wale wanane mbele.

"Mngepata wote, ningesema mmesoma," alisema. "Lakini wanane kukosa kosa moja, jibu moja! Nani kawafanyia?"

Mwishowe Calvin, ambaye ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko akili, alisema, "Kwa Mama Monika."

Teodori hakuchapa mtu. Aliwaandikisha masahihisho mara tatu kila mmoja, kisha katika kila daftari akaandika: *Mzazi, usiwaachie watu wamfanyie mtoto wako kazi yake. Hata hiyo wameikosa.*

Maneno hayo yalifika mtaani kabla ya watoto. Siku hiyo walikuja saba badala ya kumi na mmoja. Kesho yake wakaja wanne. Mama mmoja, mzazi wa Basil, alisimama getini akasema bila kuingia, "Sikujua. Nilidhani umesomea," akamshika mwanawe mkono wakaenda zao. Monika aliingia chumbani, akajilaza kifudifudi.

Hilaria aliketi mbele ya cherehani bila kushona. Alisikia joto la aibu likimpanda shingoni, lilelile la zamani, la nyuma ya Skolastika.

"Nafunga," alimwambia mumewe. "Keshokutwa nawaambia wazazi. Nirudi kwenye zipu zangu."

Adolfu alikaa kwenye moja ya yale mabenchi, akalipapasa pembe. Aliyesema ni mama yake, naye hakusema kwa hekima bali kwa hasira, sufuria mkononi.

"Na uji huu nimpe nani? Nimepika wa watu kumi na mmoja! Kosa lenyewe ni la nini, la kuua mtu? Huyo mwalimu anajua lililo sahihi au hajui?"

"Anajua, Mama."

"Basi nenda akwambie. Mficha uchi hazai. Unakaa hapa unanuna, na yeye yuko pale, hatua mia tatu!"

Hilaria alimtazama mkwewe. Alitaka kukasirika, akashindwa. Mama yule hakuwa amesema ila ukweli: mwenye jibu alikuwa hatua mia tatu kutoka pale, na yeye alikuwa anaogopa kutembea.

Asubuhi alivaa gauni lake la kanisani na sweta, kwa kuwa upepo wa Ufipa siku hiyo ulikuwa unachoma masikio, akaenda shuleni na daftari la Monika mkononi. Alimkuta Teodori peke yake katika ofisi ya walimu, amezungukwa na milima ya madaftari.

"Habari za kazi, Mwalimu. Mimi ni Mama Monika."

Teodori aliweka kalamu chini. "Ndiyo wewe unayewafanyia watoto kazi zao."

"Siwafanyii." Aliweka daftari la Monika mezani. "Walifanya wenyewe, kila mmoja kwa mkono wake. Walifanya kama nilivyowafundisha. Mimi ndiye niliyewafundisha vibaya, Mwalimu. Kosa ni langu, si lao. Nimekuja unielekeze."

Teodori alimwangalia mwanamke huyo kana kwamba anatafuta mtego.

"Mama," alisema, "nina miaka kumi na tisa katika kazi hii. Wazazi huja hapa kunigombeza. Wengine huja kuombea watoto wao. Aliyekuja kusema kosa ni lake, wewe ndiye wa kwanza. Kaa."

Alimvutia kiti. Akachukua kipande cha karatasi, akaandika matendo manne.

"MAGAZIJUTO ni ya kukumbukia tu. Gawanya na zidisha ni mapacha. Jumlisha na toa nao ni mapacha. Mapacha hakuna mkubwa. Ukiwakuta pamoja, unamhudumia aliye kushoto kwanza, unakwenda hivyo mpaka kulia."

"Kwa hiyo ishirini toa nane, kwanza."

"Kwanza."

"Kumi na mbili. Jumlisha tano... kumi na saba." Hilaria alishika paji la uso. "Mbona sisi hatukuambiwa?"

"Pengine mliambiwa."

"Pengine," alikubali Hilaria. "Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya Skolastika."

Akamsimulia habari za Skolastika, na Mwalimu Teodori, ambaye wanafunzi waliapa hana meno kwa jinsi alivyokuwa hacheki, alicheka mpaka akavua miwani. Meno alikuwa nayo yote.

Kengele ilipogongwa alisimama. "Nina kipindi na darasa la tano sasa hivi. Ungekubali kuwaambia mwenyewe? Wale wanane wanaamini nimewaonea."

Hilaria alitaka kusema ana zipu ya mtu inamsubiri. Badala yake alijikuta anatembea nyuma yake kwenye korido. Watoto walisimama. "Shikamoo Mwalimu! Shikamoo Mama Monika!" Monika, dawati la tatu, alifungua macho kama sahani.

"Marahaba, kaeni," Hilaria alisema. Alishika chaki, mara yake ya kwanza kushika chaki mbele ya darasa. "Niliwaambia wenzenu kwamba jumlisha huja kabla ya toa. Nilikosea. Sikilizeni. Nina mita ishirini za kitambaa cha sare. Nimekata nane, nikamwuzia mteja. Kesho yake akanirudishia tano. Nina mita ngapi?"

"Kumi na saba!" Darasa zima, bila hata kuandika.

"Kuna aliyejumlisha kwanza?"

"Hapanaaa!"

"Basi hata mimi nisingejumlisha kwanza, kama ningekumbuka kuwa hesabu ni kitambaa."

Aliandika ubaoni vizuri, hatua kwa hatua, kisha akageuka kumrudishia Mwalimu chaki. Ndipo mkono ukanyooka kutoka nyuma. Ulikuwa wa Calvin.

"Mwalimu, sisi tulikosa tukaandika masahihisho mara tatu."

"Ndiyo."

"Na Mama Monika?"

Monika alijifunika uso kwa daftari. Teodori alimtazama Hilaria, pembe za midomo yake zinacheza. Hilaria akageuka ubaoni. Akaandika ishirini toa nane jumlisha tano sawa na kumi na saba. Akaandika tena. Alipofika mara ya tatu watoto walikuwa wanahesabu naye kwa sauti, na alipoweka nukta ya mwisho walipiga makofi na madawati mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia dirishani.

Alasiri hiyo Hilaria alikuwa hajavua gauni la kanisani watoto walipoanza kuingia. Walikuja wote kumi na mmoja, Basil akiwa na mama yake, ambaye safari hii aliingia ndani, akakaa, akanywa uji na kusema mtoto amekataa kula mchana akidai kurudishwa. Hilaria hakumwuliza lolote. Alimwongezea sukari.

Tangu siku hiyo alikuwa na desturi mpya. Akikutana na swali asilolijua, aliwaambia watoto waziwazi, "Hili silijui. Tuliandike," wakaliandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, na kila Ijumaa alikwenda nalo shuleni. Watoto walianza kushindana kutafuta maswali ya kumshinda. Calvin alikuwa bingwa wao, na ili kuyapata ilimbidi asome kurasa za mbele ambazo darasa halijafika, jambo ambalo hakuligundua, wala Hilaria hakumgutusha.

Ijumaa moja ya Mei, Teodori alimjibu maswali yake matatu, kisha akabaki anaizungusha kalamu.

"Mama Monika, nina jambo. Nina mtoto, Elia, yuko darasa la nne." Alishusha sauti, ingawa ofisi ilikuwa tupu. "Nyumbani nikishika daftari lake, analia. Mama yake anasema nafundisha kama nagombana. Nafasi ipo?"

"Ipo, Mwalimu. Uji anakunywa?"

"Anakunywa."

Jumatatu Elia aliletwa kwa baiskeli. Alikuwa mwembamba, mrefu kama baba yake, akakaa kwenye ncha ya benchi amekumbatia begi. Calvin alimsogelea.

"Mambo? Wewe si mtoto wa Mwalimu Teodori? Basi unajua zote."

"Sijui," Elia alisema, macho chini.

"Afadhali, mshikaji. Sogea hapa, tuko wengi."

Elia alisogea. Bibi Gaudiosa alimpa kikombe, akakikagua kilipokwisha, na hapo ndipo begi likafunguliwa. Kwa nusu saa aliandika tu. Kisha alinyoosha kidole, nusu tu, kama mtu anayepima mvua, akauliza kwa nini baki haiwezi kuwa kubwa kuliko kigawanyo. Wenzake watatu walimjibu kwa mpigo, kila mmoja kwa njia yake, na mmoja alichukua vifungo vya Hilaria kuvigawa mezani ili aone kwa macho.

Saa kumi na moja na nusu Teodori alisimama dirishani, ameshika usukani wa baiskeli, akichungulia kama mtu asiyetaka kuonekana. Hilaria alimwona, akatoka nje.

"Amelia?" Mwalimu aliuliza haraka.

"Hakulia. Amecheka mara mbili. Maswali sita, amefanya manne."

"Na hayo mawili?"

"Ameyaacha. Nilitaka kumsaidia, akasema ngoja, hayo atakuuliza wewe njiani."

Elia alitoka akivaa viatu vyake, akawaaga wenzake kwa kupunga mkono. Baba yake alichukua begi, akalitundika kwenye usukani. Hakupanda baiskeli. Walishika njia kwa miguu, Teodori akiisukuma upande mmoja na mtoto upande wa pili. Hilaria aliwatazama mpaka kwenye kona ya kinu cha kusaga. Elia alikuwa anazungumza akichora hewani kwa kidole, na yule mtu mrefu alikuwa ameinamisha kichwa, anamsikiliza.